Ndugu Zake Funza Wako Wapi?

Ukinunua nyanya katika soko la Kinama, hapa Bujumbura, usishangae jioni ukiikata moja ukamkuta mwenyeji wake ndani: kiwavi mnene wa kijani au kahawia, mwenye mstari mweupe ubavuni, amekula nyama ya nyanya na kuacha uozo nyuma yake. Mpishi humtoa kwa ncha ya kisu, humtupia kuku, na vitunguu huendelea kukaangwa. Sijapata kumsikia mpishi akiuliza swali ambalo kwangu, mtu wa wadudu, ndilo la kwanza: huyu mmoja amefika hapa, ndugu zake wako wapi?

Maana alikuwa nao, tena wengi. Mama yake ni nondo wa rangi ya majani makavu anayeruka usiku, na katika maisha yake mafupi huweza kutaga mayai mia kadhaa, mara nyingine hata kupita elfu moja. Tuchukue elfu, hesabu iwe rahisi. Kama wote wangekua, na majike kati yao nao wakataga elfu elfu, kizazi cha pili kingekuwa nusu milioni, na cha tatu milioni 250. Kizazi kimoja huchukua mwezi na siku chache tu. Kabla mvua hazijakatika, Kinama isingekuwa na nyanya ya kununua wala uwanda wa Imbo usingekuwa na jani la kijani.

Hayo hayatokei. Nondo huongezeka msimu fulani na kupungua msimu mwingine, lakini tukipima kwa miaka, idadi yao haipandi mpaka mbinguni. Maana yake ni kwamba katika kila watoto elfu wa nondo huyu, kwa wastani wawili tu ndio wanaofika kuwa nondo. Waliobaki 998 hufa njiani. Makala haya ni habari za hao 998 na za wanaowaua, ambao wengi wao ni wadudu wenzao.

Kutoka nyanya hadi pamba

Wataalamu humwita mdudu huyu Helicoverpa armigera. Wakulima wa pamba wa Tanzania humwita funza wa vitumba, kwa kuwa hutoboa kitumba cha ua kabla hakijachanua, kisha hulihamia tunda changa. Hachagui sana chakula: nyanya, mahindi, mtama, maharage, vyote hula. Lakini ni pamba iliyompa jina baya kuliko mazao mengine.

Ukitoka Kinama kuelekea kaskazini, nyumba hupungua na uwanda wa Imbo hufunguka kati ya milima na mto Rusizi, kupitia Mpanda na Gihanga hadi Cibitoke. Ni nchi ya joto, chini kabisa ya nyanda za juu za Burundi, na ndiko pamba ya nchi hii ilikokita mizizi, pamoja na Moso upande wa mashariki. Shirika la COGERCO limezoea kumpa mkulima mbegu na dawa kwa mkopo, kisha hununua pamba yake na kukata deni. Nyuzi zilikuwa zikienda COTEBU, kiwanda cha nguo ambacho watu wa mitaa ya kaskazini ya Bujumbura bado hulitaja jina lake kila siku, ijapokuwa mashine zake za zamani zilinyamaza. Kwa hiyo mtu wa Kinama, hata kama hajawahi kushika jembe, ana undugu na pamba kwa njia ya kazi, ya nguo, au ya nyanya aliyoikata jana.

Funza wa vitumba hayuko peke yake. Yupo funza mwenye miiba, yupo funza wa rangi ya waridi anayejificha ndani ya mbegu, na wapo viwavi wanaotafuna majani na kuyaacha kama nyavu. Nitabaki na yule wa kwanza, maana ukiielewa safari yake umewaelewa wengi.

Yai, mahali mambo yanapoamuliwa

Yai la funza wa vitumba lina upana wa nusu milimita hivi, dogo kuliko punje ya ulezi. Ni jeupe lenye umanjano, na ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mistari iliyoshuka kutoka kileleni. Nondo huyabandika moja moja, hapa na pale, kwenye majani machanga ya juu na kwenye vitumba. Katika joto kama la Imbo, yai huanguliwa baada ya siku tatu hadi tano. Mtoto hutafuna jani kidogo, hutangatanga, na baada ya siku chache huingia ndani ya kitumba. Akishaingia, ni kama mtu aliyejifungia chumbani, na dawa unayonyunyizia nje haimpati. Ndiyo maana siku hizo chache za mwanzo zina uzito kuliko wiki zote zinazofuata.

Katika siku hizo, wa kwanza kubisha hodi ni sisimizi. Hupanda shina asubuhi, hupekua kila jani, na yai wanaliona kama sisi tunavyoiona karanga iliyoachwa mezani. Nyuma yao huja kunguni wadogo wa maua, weusi wenye madoa meupe, wasiozidi milimita tatu. Ni jamaa wa kunguni wa kitandani, ila hawa hawana haja na damu yetu: hulichoma yai kwa mdomo ulio kama sindano, wakanyonya kilichomo na kuacha ganda tupu. Yumo mbawakimia pia. Akiwa mkubwa ni mdudu mpole mwenye mabawa mepesi kama kitambaa cha kimia. Akiwa mtoto ana taya mbili kama mundu, na hupita akiyamaliza mayai, vidukari na viwavi wachanga bila kuchagua. Mdudu kibibi, yule mviringo mwekundu mwenye madoa ambaye watoto hupenda kumchezea kiganjani, ni mlaji wa vidukari hasa, lakini yai la nondo likiwa njiani haliruki.

Kisha yuko mmoja ambaye hamli yeyote, bali hupanga nyumba. Ni nyigu wa ukoo wa Trichogramma na jamaa zake wa Afrika, mwenye urefu wa nusu milimita tu, kiasi kwamba yai la nondo kwake ni nyumba nzima. Jike hutembea juu ya ganda akilipima kwa papasi zake, kana kwamba anapima chumba kabla ya kulipa kodi. Likimridhisha, hulitoboa na kuacha yai lake ndani. Mtoto wa nyigu huanguliwa mapema, humla kiwavi kabla hajawa kiwavi, na siku ya nne hivi ganda lote hugeuka jeusi. Wiki moja na kitu tangu kuchomwa, badala ya funza hutoka nyigu mpya, tayari kutafuta yai jingine.

Aliyeponea kwenye yai

Wanaoanguliwa salama bado wana safari ndefu. Wako nyigu wanaowatafuta viwavi wenyewe. Mmojawapo huchoma kiwavi kwa kasi isiyomaliza sekunde, na pamoja na yai huingiza virusi. Virusi hivyo si ugonjwa aliouokota njiani. Vimo katika vinasaba vya nyigu mwenyewe, amevirithi kwa wazazi wake na atawarithisha wanawe. Kazi ya virusi hivyo ni kuizima kinga ya kiwavi ili yai la kigeni lisishambuliwe mwilini. Kiwavi huendelea kutembea na kula, ila hamu humpungua siku kwa siku. Mwishoni mtoto wa nyigu hutoka, hujisokotea kifuko cheupe kama punje ya mchele na kukibandika kwenye jani. Mkulima asiyekijua kifuko hicho hukidhania yai la mdudu mharibifu, akakiponda. Amemponda kibarua wake.

Wako nzi pia, wenye nywele ngumu mgongoni, ambao kwa mbali ungewadhania nzi wa nyumbani. Baadhi hubandika mayai yao juu ya ngozi ya kiwavi. Wengine wana hila zaidi: hutaga mayai madogo sana juu ya jani na kuondoka. Kiwavi hutafuna jani, humeza mayai, na kifo chake kimeingia kwa mlango wa chakula.

Halafu wako wawindaji wa kawaida. Vunjajungu, aliyepewa jina hilo na imani ya wazee kwamba anayemgusa atavunja chungu, hukaa kimya mikono imekunjwa kama anayeswali mpaka kiwavi apite. Tusimsifu kupita kiasi, kwani hata nyigu na vibibi huwala akiwapata. Na wako nyigu wajenzi, ambao hata aliye mjini anawajua. Baadhi ya vile viota vya udongo vilivyobandikwa kwenye kuta za nyumba zetu, ukivibomoa, utakuta viwavi wamepangwa kama mizigo ghalani, wamechomwa sindano ya ganzi na bado wako hai, wakisubiri kuliwa na mtoto wa nyigu. Wametoka wapi? Kwenye bustani na mashamba ya jirani.

Anayeokoka hayo yote hushuka shina na kuchimba chini sentimita chache ili awe pupa. Huko nako kuna siafu, sisimizi na mbawakawa wa ardhini, na kuna jembe la mkulima linalomfunua juani, kuku wakampata.

Pamba hulipa mshahara

Tumezoea kuufikiria mmea kama kitu kilichosimama tu kikingoja kuliwa. Pamba haiko hivyo. Geuza jani lake uangalie mshipa mkubwa upande wa chini: utaona kishimo kidogo chenye unyevu. Ni tezi ya asali iliyo nje ya ua, na nyingine ziko kwenye vijani vinavyozunguka kitumba. Asali hiyo haina kazi na uchavushaji. Ni ujira wa sisimizi na nyigu. Anayekuja kunywa hupita akikagua, na akimkuta kiwavi, hapo ndipo pamba inapopata faida yake.

Kuna zaidi. Kiwavi anapotafuna, mate yake huliamsha jani, na mmea mzima huanza kutoa harufu ambazo haukuwa nazo asubuhi. Watafiti wa Marekani walizifuatilia katika miaka ya 1990 na kukuta nyigu huzifuata harufu hizo kutoka mbali. Mwaka 1998 walionyesha kwamba nyigu mmoja wa aina hiyo aliweza kutofautisha, kwa harufu ya mmea peke yake, kati ya mmea unaoliwa na kiwavi anayemfaa na ule unaoliwa na kiwavi wa aina jirani asiyemfaa. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pamba huipiga mbiu hiyo kwa lugha ambayo pua zetu hazijafunzwa kuisikia.

Mkulima huwaona walionusurika tu

Kama wasaidizi ni wengi hivyo, kwa nini mkulima huwadharau? Kwa sababu ya mahali anapotazama. Yai lililonyonywa halionekani. Kiwavi aliyebebwa na sisimizi hakuacha alama. Kinachoonekana ni tundu kwenye tunda, na tundu hilo ni kazi ya wale wachache walioponyoka. Ni kama kumpima mlinzi wa usiku kwa mwizi mmoja aliyepita, bila kuhesabu ishirini waliogeukia getini.

Ushahidi wa kosa hilo ni mkubwa. Sudan ilianzisha mpango wa Gezira mwaka 1925, mashamba makubwa ya pamba ya umwagiliaji kati ya Naili ya Buluu na Naili Nyeupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 unyunyiziaji ulikuwa mara moja au mbili kwa msimu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 ulikuwa umepita mara nane. Funza hawakwisha, na akaongezeka adui ambaye zamani hakuwa na jina kubwa: inzi weupe. Dawa ilikuwa imewamaliza waliokuwa wakiwala. Majimaji yao matamu yalidondokea pamba iliyofunguka, nyuzi zikanata, na viwanda vikalalamika.

Katika bonde la Cañete, Peru, hadithi ilikwenda haraka zaidi. Dawa mpya kama DDT ziliingia mwishoni mwa miaka ya 1940, na mavuno ya pamba yakapanda kutoka kilo 494 kwa hekta mwaka 1950 hadi kilo 728 mwaka 1954. Wakulima walishangilia. Mwaka 1956 yalianguka hadi kilo 332, ingawa walikuwa wakinyunyizia kuliko wakati wowote. Wadudu waharibifu walikuwa wamezizoea dawa, na marafiki walikuwa wamekufa. Bonde lilisimama tena baada ya wakulima kukubaliana kuzizuia dawa hizo na kuwaleta upya wadudu rafiki kutoka mabonde ya jirani.

Hata hivyo, nisimpake mkulima mafuta kwa mgongo wa chupa. Utafiti uliofanyika Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, kwenye mashamba ya wakulima wadogo, ulikuta kwamba sisimizi na kunguni wa maua ndio wawindaji wakuu wa funza wa vitumba, lakini wingi wao ulitofautiana sana kutoka shamba hadi shamba na msimu hadi msimu, na nyigu wa vimelea mara nyingi walikuwa wachache. Nondo huruka mbali sana, na usiku mmoja wanaweza kufika wengi kuliko walinzi waliopo. Siku hiyo bomba la dawa lina kazi yake. Hoja yangu ni kwamba bomba liwe la mwisho kuitwa, si la kwanza.

Kuhesabu kabla ya kunyunyizia

Njia ya kulifanya liwe la mwisho ni ya zamani na ni rahisi. Huko Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakulima wadogo walipewa ubao wenye matundu na vijiti. Mkulima alipita shambani akakagua miche 24, na kila alipoona yai alisogeza kijiti tundu moja. Kijiti kikifika alama ya 12, yaani nusu yai kwa kila mche, ndipo anyunyizie. Kikiwa chini, arudi nyumbani na dawa yake. Hakuhitaji kusoma wala kuandika. Kilichomsaidia zaidi ni kwamba alilazimika kuutazama mche badala ya kalenda.

Anayehesabu hugundua jambo jingine: pamba huangusha zaidi ya nusu ya vitumba na matunda yake machanga hata pasipo funza, kwa kuwa haiwezi kuyalisha yote. Vitumba vichache chini ya mche si sababu ya hofu, na dawa ya mapema inayomwagwa kwa hofu hiyo ndiyo inayowaua walinzi kabla hawajazaana.

Kuna pia njia za kuwaita wasaidizi. Wakulima wa pamba ya kilimo hai wa Meatu, Tanzania, ambako mradi wa bioRe ulianza mwaka 1994, huchanganya alizeti na pamba ili nondo wavutwe huko. Benin, na baadaye karibu na Arba Minch kusini mwa Ethiopia, wakulima wamejifunza kunyunyizia chakula badala ya sumu: mchanganyiko wa chachu ya bia au mahindi, ambao harufu yake huwavuta vibibi, mbawakimia na nyigu waingie shambani na kukaa. Niger na majirani zake wamekwenda mbali zaidi kwenye uwele: nyigu huzalishwa ndani ya vifuko vya juti pamoja na nafaka na viwavi wa ghala, vifuko vikatundikwa vijijini, nyigu wakatoka wenyewe.

Sisi Bujumbura tuna BRARUDI inayotengeneza bia, na vitongojini hakukosi machicha ya impeke, pombe yetu ya mtama. Chachu haitupungukii. Kinachotakiwa ni majaribio ya kweli kwenye udongo wa Imbo, yenye shamba la kulinganishia na hesabu za msimu zaidi ya mmoja, na hiyo ndiyo kazi ya taasisi za utafiti wa kilimo kama ISABU. Kilichofaa Arba Minch kinaweza kufaa Gihanga. Kinaweza pia kuwanenepesha sisimizi na kuiacha pamba vilevile. Hatutajua kwa kubishana.

Jaribio moja, lakini, halihitaji taasisi wala fedha, na hata mwanafunzi wa Kinama mwenye miche michache ya nyanya nyuma ya nyumba anaweza kulifanya. Tafuta mayai ishirini ya nondo kwenye majani ya juu, ukate kila kipande cha jani pamoja na yai lake, utie kwenye chupa safi isiyo na rangi, uzibe kwa pamba na uiweke kivulini mbali na jua. Subiri siku kumi ukitazama kila asubuhi. Viwavi wakitoka, watoe uwahesabu. Mayai yakigeuka meusi, yahesabu hayo pia. Halafu siku moja utaona kitu kama vumbi kikitembea kwenye ukuta wa chupa, kikipanda kuelekea kwenye mwanga. Usikitupe. Toa kizibo cha pamba, uilaze chupa chini ya mche ulikochuma mayai, na uiache hapo mpaka jioni.